Kusokota na kufuma: tujifunze kwanza, soko lingoje



Siku hizi, tukipita mu vikundi, kuna swali linalorudi sana. Wamama na vijana wanataka kujifunza kusokota uzi wa pamba na kufuma kitambaa kwa mikono. Sisi maagronomi tunafurahi kusikia vile. Lakini mara moja linakuja swali la pili: «Tuandike proje? Tuombe mashine ngapi?» Hapo tunataka kusema wazi mawazo yetu. Kazi hii ianze kama kazi ya kupenda, ya masaa ya mapumziko, bila deni na bila proje. Soko lingoje.

Juu ya nini? Tupige hesabu pamoja. Tuchukue kitambaa kidogo sana: upana sentimita 20, urefu metre 1, nyuzi 6 kwa kila sentimita. Mtande, ni kusema nyuzi za urefu, unaomba nyuzi 120. Kila uzi uwe na metre 1,40, kwa sababu miisho inafungwa kwenye mbao na haifumwi. Hiyo ni metre 168. Mshindio, uzi unaopita kati, unapita mara 600, kila mara karibu sentimita 22: metre 132. Jumla, metre 300 za uzi. Mutu anayeanza akisokota metre 20 kwa lisaa, anamaliza masaa 15, na bado hajafuma kitu. Nyuma ya pale anapata kitambaa cha kupangusia mikono. Kwenye soko, nguo ya mitumba itauzwa bei ya chini kuliko kile kitambaa.

Sasa, kama kikundi kimekopa feza za AVEC kununua vitanda vya kufumia, nani atalipa? Ndiyo maana tunaona vitanda vingine vimelala kwenye madepo, panya wamejenga ndani. Wamama wale hawakuwa wavivu. Waliombwa kuuza mbele ya kujua.

Kuna jambo lingine. Wazee wetu wanaijua pamba kwa njia ingine kabisa. Wakati wa Wabelgiji, tangu 1917, kilimo cha pamba kilikuwa cha lazima. Mkulima alilima, alibeba, alipimiwa kwenye kilo, na bei hakuipanga yeye. Pamba iliondoka, nguo ikarudi kwa njia ya duka. Hata wakati kiwanda cha Filtisaf kilitengeneza nguo kule Kalemie, mkulima wa kijijini aliuza pamba tu. Uzi haukupita mikononi mwake. Kwa hiyo leo mama akisokota uzi wa pamba yake mwenyewe, bila mutu kumwamuru, kwetu ni jambo kubwa. Lisigeuke lazima nyingine, hata kama anayeamuru safari hii ni mfadhili mwenye moyo mzuri.

Basi, kuanza namna gani? Vyombo ni vichache.

Kwa kusokota, tafuteni kijiti laini chenye urefu wa sentimita 25 hivi, ao chuma chembamba cha gurudumu la kinga. Chini yake fungeni kipande cha duara cha kibuyu ao cha udongo uliochomwa. Nyuzi za pamba ni fupi, mara nyingi milimita 25 mpaka 30, kwa hiyo kijiti kizito kinazikata. Kiwe chepesi, na ncha yake ikae ndani ya sahani ao kipande cha kibuyu wakati inazunguka, badala ya kuning'inia.

Toeni mbegu kwa vidole, ao kwa kubingirisha chuma cha duara juu ya jiwe la bapa. Mjue kwamba katika kilo 3 za pamba yenye mbegu mnapata karibu kilo 1 tu ya pamba safi. Kisha ichambueni mpaka ikuwe nyepesi kama povu.

Siku za kwanza, acheni kijiti. Vuteni pamba kidogo kidogo kwa vidole na kuisokota kwa mkono, mpaka vidole vijue wapi uzi unashika na wapi unaachia. Uzi ukikatika ovyo, mara nyingi haujasokotwa vya kutosha ao mmevuta mbio. Ukijikunja wenyewe kama mkia wa nguruwe hata mkiuvuta kidogo, mmesokota kupita kiasi.

Kwa kufuma, kadre ya mbao nne na misumari inatosha. Kitambaa cha kwanza, nunueni uzi wa mtande dukani, juu mtande unavutwa sana na uzi wa mwanafunzi unakatika. Uzi wenu uwe mshindio. Wale wenye rafia karibu wako na bahati: rafia haisokotwi. Jani linapasuliwa nyembamba na kufumwa vile lilivyo. Ndiyo kazi ya Wakuba wa Kasai: wababa wanafuma, wamama wanatia mapambo kwa sindano, na vitambaa vyao vinajulikana ulimwenguni. Kipimo cha kitambaa kinafuata urefu wa jani.

Upande wa shamba, msiondoe maharagwe wala mihogo. Miche 15 ya pamba kando ya uzio inatosha kwa mwanafunzi mmoja. Hesabuni wakati wa kupanda, ili matunda yafunguke wakati wa kiangazi. Pamba inaomba miezi mitano ao sita. Yafaa mahali pa joto kama bonde la Ruzizi. Kwenye milima ya baridi haitoi vizuri. Pale juu, msifikirie kondoo wetu: wengi wako na manyoya mafupi yasiyosokoteka. Heri kubadilishana pamba na wenzenu wa bondeni. Nyuma ya mavuno, ng'oeni miti ya pamba na kuichoma, ili wadudu wasingoje msimu mwingine.

Wenzetu wengine wanasema: «Kazi ya kupenda ni ya watu wenye kushiba. Sisi tunatafuta franga.» Tunawaelewa. Shida ya pesa ni ya kweli. Lakini fundi gani wa mbao alianza kwa kuuza kabati? Alianza kwa kuharibu mbao. Mutu akisokota jioni, akizungumza na jirani, hapotezi siku ya shamba na hana deni. Nyuma ya mwaka mmoja, wale watakaobaki ni wale wenye mikono na moyo wa kazi ile. Na hao, wakisema wanataka kitanda kikubwa, tutakaa nao kupiga hesabu ya soko kwa uzito wote.

Kwa hiyo, kwenye mkutano wa mwezi ujao, msituletee barua ya kuomba mashine. Tuleteeni metre moja ya uzi mliosokota wenyewe, hata kama uko na mafundo. Tutaipitisha mkono kwa mkono, na kazi itaanzia pale.