Kupunguza unene si kazi ya mama peke yake

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi mama akishauriwa na daktari apunguze uzito, mzigo huo huachiwa yeye peke yake. Baba anaendelea kudai wali wa nazi na chapati za mafuta, watoto wanaendelea na soda, na mama ndiye anayepika vyote hivyo huku akiambiwa asile. Matokeo yake hutafuta njia za mkato. Kwa maoni yangu, hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia, na sisi tunaokula naye tuna sehemu yetu katika makosa hayo.

Kosa la kwanza ni kushinda na njaa. Wapo wanaoacha chakula cha asubuhi na cha mchana wakitumaini kupungua haraka. Ikifika jioni njaa imekuwa kali, na aghalabu mtu hula kupita kiasi. Aidha, anayejinyima sana kwa siku nyingi hupoteza maji na misuli pamoja na mafuta, na akirudia mlo wake wa zamani unene nao hurudi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari anaweza hata kuzimia akiacha mlo bila ushauri wa daktari. Mjamzito na anayenyonyesha nao wasijinyime namna hii.

Kosa la pili ni kuifanya Ramadhani kuwa dawa ya unene. Mtu anaacha daku, ilhali Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa katika daku mna baraka. Kisha jioni anaanza na sambusa na kachori, anafuatia na mihogo ya nazi, tambi za sukari na juisi. Mwezi ukiisha anashangaa nguo zinambana. Saumu ni ibada, tusiilaumu kwa yaliyofanywa na futari.

Kosa la tatu ni dawa za kuharisha, iwe sanamaki au zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani. Sehemu kubwa ya chakula hufyonzwa katika utumbo mwembamba, lakini dawa hizi hufanya kazi zaidi katika utumbo mpana. Hivyo kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, si mafuta. Mzani unashuka leo, na akinywa maji unapanda tena. Akiendelea kwa muda mrefu, upungufu wa madini ya potasiamu unaweza kuharibu mapigo ya moyo.

Kosa la nne ni kuhesabu chakula na kusahau vinywaji na mafuta. Soda ya mililita 350 huweza kuwa na sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko 6, ni bora zaidi. Nayo mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120. Anayemimina kutoka kwenye dumu bila kipimo aifikirie hesabu hiyo.

Wapo watakaosema mama ndiye mwenye jiko, basi abadilishe mwenyewe. Lakini akipunguza mafuta, na mumewe akasukuma sahani akisema chakula hakina ladha, kesho atarudi kule kule. Kwa hiyo jiko libadilike kwa wote. Mafuta yapimwe kwa kijiko, wali upungue sahanini, mchicha, maharage na samaki wa kuchoma viongezwe, na soda isiwe kinywaji cha kila siku. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Baba akikaa na watoto nusu saa baada ya Alfajiri, mama naye atapata nafasi ya kutembea.

Tena tusimharakishe. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha. Mwenye kilo 90 akipungua kilo 4 na nusu tu, presha na sukari yake vinaweza kuanza kushuka.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul A'raf aya ya 31, inaturuhusu kula na kunywa na inatukataza israfu. Katazo hilo linamhusu kila anayekula katika nyumba, si mama peke yake.

Wabillahi Tawfiq.