Marumaru Haichaguliwi kwa Mng'ao

Ukianza kukarabati nyumba, kila mtu anakuwa mshauri: jirani, shemeji, muuza duka. Ushauri mwingi kuhusu marumaru umerudiwa mara nyingi hadi unachukuliwa kuwa sheria. Mwingine unapoteza fedha, mwingine unavunja watu nyonga, na huo siwezi kuunyamazia.

"Inayong'aa zaidi ndiyo bora." Si kweli. Mng'ao ni umaliziaji wa uso tu, hauelezi uimara. Sebuleni, mahali pakavu, ing'ae utakavyo. Lakini bafuni maji ya sabuni juu ya uso laini humwangusha hata kijana, sembuse bibi anayeamka usiku. Maboksi mengine yana alama ya utelezi, kuanzia R9 hadi R13; namba ikipanda, utelezi unapungua. Bafuni usishuke chini ya R10. Kama alama haipo, omba kipande kimoja, kimwagie maji, ukikanyage kwa mguu mtupu palepale dukani. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Tena mchanga unaoingia na viatu hukwangua uso, na michubuko huonekana upesi zaidi kwenye marumaru inayong'aa. Kwa ile iliyopakwa tabaka la kioo usoni, angalia daraja la PEI la kustahimili kuchakaa, 1 hadi 5: sakafu ya nyumba inataka 3 au 4.

"Marumaru ni marumaru, zilizobaki ukutani zilaze sakafuni." Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Igeuze marumaru, udondoshee maji mgongoni. Ya ukutani huyanywa ukiwa unatazama, kwa sababu kwa kawaida hufyonza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ile ya posilini haivuki asilimia 0.5, na tone hubaki juu. Ile inayonywa ni dhaifu: ukivuta kabati juu yake au kuangusha mchi, inapasuka. Ya sakafuni inaweza kupanda ukutani, mradi gundi ihimili uzito wake. Hapohapo utamwona fundi akiloweka kila marumaru kwenye pipa usiku kucha. Kwa inayonywa maji, inayobandikwa kwa saruji, kuloweka kuna maana, maana isipoloweshwa huvuta maji ya saruji kabla saruji haijashika. Posilini hainywi, hivyo kuiloweka ni kazi bure. Hiyo inahitaji gundi ya marumaru. Saruji tupu huishika vibaya.

"Za nje ndizo imara." Marumaru zinatengenezwa Chalinze na Mkuranga, hapahapa Pwani, na watu wengi wanazikanyaga kila siku. Meli nayo hubeba daraja la pili. Soma boksi, usisome nchi.

"Kubwa hupendezesha bafu." Kwa kuta, sawa. Sakafu ya bafu lazima iinamie tundu la maji kutoka pande zote, na kipande cha sentimita 60 kwa 60 hakikunjiki. Maji yatatuama pembeni. Weka vipande vidogo.

"Zibane bila nafasi, zipendeze." Joto huzitanua, nyumba nayo hutulia polepole, zikikosa pa kwenda, zinanyanyuka katikati ya chumba. Dai nafasi ya milimita 2 au 3. Dai pia gundi ienee mgongo mzima, si madonge matano. Baada ya siku kadhaa, zipitie ukizigonga kwa sarafu: panapolia kama debe tupu pana uwazi chini, na hapo ndipo patakapopasuka. Ifanye kazi hiyo kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho.

"Nunua kulingana na kipimo cha chumba." Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Boksi la vipande vinne vya 60 kwa 60 lina mita za mraba 1.44, kwa hiyo watakuuzia maboksi 14. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika: chukua 16. Ukirudi mwezi ujao kutafuta mawili, huenda ukakuta toleo jingine, na tofauti ya rangi utaiona kila siku hadi unahama. Namba ya toleo imechapishwa ubavuni mwa boksi. Zilinganishe zote kabla ya kupakia kwenye gari, na lenye namba tofauti lirudishe kaunta hapohapo.