Acheni filamu zipondwe

Mwaka 2015 huko Uingereza lilibandikwa bango la filamu ambalo kwa ujanja sijaona mfano wake. Filamu yenyewe ni Legend, habari za pacha Ronnie na Reggie Kray, majambazi waliotamba London miaka ya 1960, na pacha wote wawili kawaigiza mtu mmoja, Tom Hardy. Bango lilijaa nyota za magazeti: huyu kaipa nne, yule kaipa tano. Gazeti la The Guardian lilikuwa limeipa mbili. Wauzaji hawakuzificha. Walizichukua wakazipachika kwenye mwanya kati ya vichwa viwili vya Hardy, hivyo ukitazama unadhani hizo mbili ndizo zinazochungulia na nyingine zimezibwa na vichwa. Uongo haupo, macho yako mwenyewe ndiyo yanayojaza pengo. Mhakiki aliyezitoa, Benjamin Lee, alipoliona bango aliwaonyesha watu mtandaoni, nusu akicheka, nusu akistaajabu.

Nalitaja kwa sababu hapa kwetu mtu akisema filamu fulani imebuma, jibu huwa limeshaandaliwa: una wivu, una chuki binafsi, kama unaweza njoo ufanye wewe. Tunaambiwa maneno ya mponda filamu hayana uzito, yapuuzwe. Haya. Kama hayana uzito, mbona wenye fedha zao wanahangaika kiasi hicho kuyafunika?

Na hao wa bango walikuwa waungwana. Kampuni ya Sony, miaka ya 2000 na 2001, ilitunga mhakiki. Sisemi ilimhonga, ilimtunga. Ikampa jina David Manning, ikadai anaandikia The Ridgefield Press, gazeti dogo la kweli la Connecticut, Marekani, kisha ikawa inachapa sifa zake kwenye matangazo ya filamu zake yenyewe. Gazeti lenyewe halikuwa na mtu huyo. Mwandishi John Horn wa Newsweek akafichua mchezo Juni 2001. Kesi ya watazamaji ilipomalizwa mwaka 2005, kampuni ilikubali kutenga dola milioni 1.5, aliyekata tiketi ya filamu zilizosifiwa na Manning aweze kudai dola 5 zake. Dola tano kwa kusifiwa uongo! Sheria hiyo ingefika Dar es Salaam, tungefilisi watu.

Moja ya filamu alizozisifu Manning ni The Animal, ambayo stelingi wake ni mchekeshaji Rob Schneider. Jina hilo lishike, maana miaka minne baadaye alikutana na mhakiki mwenye damu na nyama. Mwaka 2005 Schneider alikuwa na filamu nyingine, Deuce Bigalow: European Gigolo. Patrick Goldstein wa Los Angeles Times akaandika kwa kejeli kwamba studio kubwa zilizipa kisogo filamu zilizokuja kuwania Oscar, huku zikipata fedha za kuendeleza Deuce Bigalow. Schneider akapandisha hasira, akalipia tangazo la ukurasa mzima kumjibu: amechunguza, na amegundua kuwa bwana huyo hajawahi kupata tuzo ya Pulitzer. Ndipo akaingia Roger Ebert wa Chicago Sun-Times. Ebert alikuwa na Pulitzer yake tangu 1975, wa kwanza kuipata kwa uhakiki wa filamu. Akaandika kwamba kwa kuwa tuzo ndiyo inayotakiwa, yeye anayo, na kwa cheo hicho anamjulisha Bwana Schneider kwamba filamu yake ni mbovu. Alivyolisema hilo ndivyo alivyokipa jina kitabu chake cha mwaka 2007 cha filamu alizozichukia.

Kingeishia hapo kingekuwa kisa cha watu wawili kutambiana. Lakini saratani ilimkamata Ebert ikamwachia kitanda na kumnyang'anya sauti, na siku moja yakamfikia maua. Yametoka kwa Schneider, na saini yake ya mzaha: nyota wa filamu usiyempenda kuliko wote. Ebert akayaandika hayo hadharani, akisema mtu huyu huenda katengeneza filamu mbaya ila si mtu mbaya.

Ninachokitaka ni hicho tu. Kazi ipondwe, mtu asalimike. Wako waliovuka mpaka: John Simon wa jarida la New York alikuwa na kalamu kali kweli, lakini alipenda kuishusha kwenye sura za waigizaji wa kike. Pua ya mtu si kosa la mwongozaji wala la mwandishi wa hadithi, na sioni mlipa kiingilio anafaidika nini kuambiwa habari zake.

Anafaidika anapoelezwa kilichotokea mbele ya macho yake. Chukua The Lion King ya mwaka 2019, ile ya Jon Favreau iliyotengenezwa kwa kompyuta hadi unyoya wa mwisho. Wahakiki wengi waliisema: simba hawa wanafanana mno na simba wa kweli, na simba wa kweli hana uso wa kulia. Mimi sikuwa nimesoma lolote nilipoitazama nyumbani na mjukuu wangu. Ilipofika Mufasa ameanguka, mtoto yuko pale anamsukuma baba yake aamke, mjukuu akanigeukia. "Bibi, mbona Simba hana huzuni?" Nikamwambia anayo, sikiliza sauti. Akasikiliza, akatazama tena, akaenda kutafuta maji ya kunywa. Katika ile ya katuni ya mwaka 1994 hakuna mtoto niliyemwona akienda kunywa maji pale. Baadaye nilipowasoma wahakiki nikakuta wamekiandika kile kile kilichomtoa mtoto kwenye kochi, na wameeleza sababu: ukichagua kunakili mnyama kama alivyo mbugani, umeuza nyusi zake, midomo yake na machozi yake. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Uhakiki haukuizuia hata senti. Kwangu haikuwa kazi yake kuizuia; ulinipa maneno ya kitu nilichokihisi nikashindwa kumweleza mtoto.

Ndiyo maana sipatani na asilimia. Siku hizi vijana hawasomi uhakiki, wanatazama namba ya mtandao wa Rotten Tomatoes. Namba ile haisemi filamu ni nzuri kiasi gani. Inasema katika kila wahakiki mia ni wangapi wameiona inafaa, basi. Filamu ambayo kila mtu ameguna akasema "si mbaya" inaweza kupata 100, na ile iliyowafanya nusu walie kwa furaha na nusu watoke ukumbini ikapata 50. Mwaka 2016 Batman v Superman ilifunguliwa Marekani kwa dola milioni 166 wikiendi ya kwanza, wikiendi ya pili mapato yakaporomoka kwa asilimia 69. Brett Ratner, ambaye kampuni yake iliweka fedha humo, akaulaumu mtandao ule na namba zake. Kuhusu namba nakubaliana naye. Lakini waliotazama wikiendi ya kwanza walikuwa na midomo pia.

Hapa Dar, enzi za kumbi za sinema za Avalon na Empire, mdomo ndio ulikuwa gazeti. Wanaotoka onyesho la mchana wanakutana mlangoni na wanaosubiri la jioni, na hapo hapo picha inahukumiwa. Stelingi anapigana vizuri, nyimbo mbili tu ndizo za maana, mwisho usiusubiri. Mtu alikuwa na uwezo wa kurudisha tiketi yake mfukoni akaenda kula mishikaki.

Wahakiki nao wana dhambi zao, na kubwa ni kushangilia maiti. Cats ya Tom Hooper ilipotoka Desemba 2019, waigizaji wenye majina makubwa, Judi Dench na Idris Elba wakiwemo, wamegeuzwa nusu watu nusu paka, uhakiki uligeuka shindano la vichekesho. Na kweli ilichekesha: studio ililazimika kutuma kumbi za sinema toleo jipya lenye picha zilizorekebishwa wakati filamu tayari inaonyeshwa, maana katika lile la kwanza mkono wa Dench ulionekana ni wa binadamu, na pete yake kidoleni. Nilizisoma hakiki zile nikicheka hadi machozi. Ya kwanza ilinieleza filamu. Zilizofuata zilinieleza jinsi mwandishi alivyo hodari wa utani.

Mbaya zaidi ni pale hukumu inapotoka kabla ya shahidi kusimama. Michael Cimino alipotengeneza Heaven's Gate, magazeti yalikuwa yameshaandika juu ya fedha anazozitapanya muda mrefu kabla filamu haijaisha. Ilipoonyeshwa New York Novemba 1980 wahakiki waliishukia kwa namna ambayo studio iliiondoa kumbini, ikakatwa zaidi ya saa nzima, ikarudi mwaka uliofuata ikabuma upya. Toleo refu lililosafishwa lilionyeshwa Venice mwaka 2012, na safari hii likapokewa kwa heshima. Mimi nadhani bado ni ndefu. Ila urefu wake ni jambo la filamu, na bajeti yake ilikuwa jambo la mhasibu.

Sasa turudi nyumbani. Mnakumbuka Bongo Muvi za kaseti na DVD, zile zinazokatwa Part 1 na Part 2 ili tununue mara mbili? Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anafungua geti upande mmoja, anafungua wa pili. Gari linaingia taratibu, linaegeshwa, stelingi anashuka, anafunga mlango, anavua miwani, anatembea hadi sebuleni, anakaa, na simu inaita. Sisi wote tulilijua geti lile. Tulilisema saluni, tulilisema kwenye daladala, na karibu hakuna aliyeliandika gazetini kwa jina la filamu na jina la mwongozaji, kwa sababu wasanii ni wetu na tasnia ni changa. Mgema tulimsifu vya kutosha, na tembo la maji tukalinywa wenyewe. Kisha watu wakahama kimya kimya wakaenda kwa Wakorea na Wahindi waliotafsiriwa Kiswahili.

Na tusidanganyane kwamba hatuna vipaji vya kuhakiki. Lufufu, yule mtafsiri wa filamu kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, hakuwa anatafsiri tu, alikuwa anaongeza yake, na watu walimlipia. Kijana anayenijazia muvi kwenye flashi mtaani kwangu (najua, najua, haki miliki, tutaongea siku nyingine) hunipa hakiki bora kuliko kurasa nyingi za burudani. "Mama, hii ukifika katikati zima, mwisho wamekosa hela." Nilipofika katikati niliona mwenyewe: mapigano yote yamehamia chumba kimoja.

Wahariri wa kurasa za burudani, ukurasa mnao. Leo umejaa nani kaachana na nani. Tengeni robo yake tu, mumpe mtu mmoja mwenye macho, na msimtume kwenye uzinduzi. Huko kuna zulia jekundu, soda, picha na mtayarishaji, na bahasha ya nauli. Mpeni hela ya kiingilio aende Jumanne mchana, akae na wanaolipa.