Fimbo Haijamfundisha Mbwa Kitu

"Mbwa asiyepigwa ni mbwa bure." Maneno haya nayasikia hapa Nakivale karibu kila wiki, kwenye foleni ya maji, kwenye kibanda cha kuchaji simu, hata kwa wazee ninaowaheshimu sana. Wengine wanaongeza kwamba mbwa wa kulinda lazima afungwe mnyororo mchana kutwa, alishwe pilipili, asizoee watu. Ninaandika kupinga. Kazi yangu ni watoto na vijana wa mtaa wetu, na watoto hao ndio wanaolipa gharama ya maneno hayo kwa miguu na mikono yao.

Hebu tuone fimbo inafanya kazi gani. Mbwa amekula mayai ya jirani saa nne asubuhi. Mwenye mbwa anapata habari saa sita. Anaita, "Jeki! Kuja hapa!" Jeki anakuja mbio, na akifika tu anapigwa. Sasa niambieni, Jeki amejifunza nini? Mbwa anaunganisha maumivu na kile alichokuwa anafanya dakika ile ile, na dakika ile alikuwa anaitika wito wa bwana wake. Kwa hiyo amejifunza kwamba ukiitwa usiende. Kesho akiitwa atasimama mbali, kichwa chini, masikio nyuma, na watu watasema, "Mnaona? Anajua kosa lake."

Hajui. Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio kuhusu jambo hili. Mbwa alikatazwa kula kitu, kisha mwenye mbwa akatoka nje. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine alidanganywa. Ile sura ya mkosaji ilionekana zaidi mbwa alipofokewa, hata kama hakugusa chakula. Ni sura ya woga tu. Sisi tuliokimbia vita tungepaswa kuijua sura hiyo haraka kuliko watu wote.

Kosa lililo baya zaidi ni kumpiga mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo. Mbwa anasema: nimebanwa, nipe nafasi. Na kabla ya kunguruma huwa ameshasema mengi: amegeuza uso, amelamba midomo bila chakula, amepiga miayo bila usingizi, mwili umekauka kama ubao, weupe wa jicho unaonekana. Mkia nao unadanganya watu. Mkia unaotikisika polepole, umesimama juu na mgumu, si furaha. Sasa wewe ukimchapa kila akinguruma, hasira na woga vinabaki mlemle ndani, umeondoa onyo peke yake. Umetengeneza mbwa anayeuma bila kusema kitu.

Mwaka jana mtoto wa miaka saba katika kikundi changu aliumwa na mbwa wa namna hiyo. Mbwa alikuwa kwenye mnyororo usiofika hata mita mbili, na mpira ulikuwa umebingirika karibu naye. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapoogopa, amebaki na meno tu. Mwenye mbwa alikuwa akijisifu, "Huyu hata hangurumi tena, nimemnyoosha." Jioni ile vijana walimuua yule mbwa kwa mawe, na wengine wawili ambao hawakumuuma mtu. Mtoto alishonwa, akaanza sindano. Mbwa wa mtaa ule wanaendelea kupigwa mpaka leo.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza ni methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sawa, lakini kufundisha bila fimbo si kubembeleza. Mbwa wangu hapewi chakula mpaka akae chini kwanza, na akimrukia mgeni nampa mgongo mpaka atulie. Sheria ipo, damu haipo.

La pili: hayo ni mambo ya wazungu. Kule Ituri wawindaji wa Kimbuti wanawavalisha mbwa wao kengele za mti shingoni, kwa sababu mbwa wale hawabweki sana, na wanaingia nao msituni kuwinda. Walikuwa na mbwa wa kazi kabla hatujasikia neno "mradi." Tena nendeni Morogoro, Tanzania. Pale kuna panya wakubwa wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini. Panya akinusa harufu inayotakiwa, anasikia "klik," anapewa ndizi au karanga. Hivyo tu, mara nyingi sana. Mmoja wao, Magawa, alisaidia kupata zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Panya! Hebu jaribu kumchapa panya fimbo uone kama atakutafutia bomu.

La tatu ndilo zito, na sitalifanyia mzaha: chakula chenyewe hatuna, mgao umepunguzwa, halafu unataka nimpe mbwa zawadi? Mama mmoja aliniuliza hivyo mbele ya watu, na ana haki. Lakini zawadi ni kitu kidogo kama punje ya hindi. Kichwa cha sambaza kinagawanyika mara tatu. Ukoko wa posho uliokwangua chunguni unatosha masomo ya siku mbili. Na kile kidogo ambacho mbwa angepewa jioni, mpe kipande kwa kipande wakati anafanya vizuri. Badala ya kile kidude cha "klik" sisi tunapiga ulimi. Mbwa akikaa, piga ulimi sekunde ile ile, kisha mpe. Ukichelewa umelipa kitu kingine. Majirani zetu Waislamu wasiotaka mate ya mbwa hawalazimiki kumgusa. Chakula kinarushwa chini, mbwa anajifunza vilevile.

Sasa nageukia ndugu zetu wa mashirika. Tulipoleta habari ya mbwa kwenye kikao tuliambiwa kwamba mbwa hawamo kwenye bajeti. Wiki chache baadaye sumu ilipatikana, sijui ilitoka bajeti gani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu 40 kati ya kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Shirika hilohilo linasema njia ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na kwamba kuwaua hovyo hakuzuii ugonjwa. Ukiua, watu wanawaficha mbwa wao, na mbwa wengine wasiochanjwa wanaingia mahali palipobaki wazi. Na huwezi kumchanja mbwa ambaye maisha yake yote mkono wa mtu umemletea kipigo. Atakuuma au atatoroka. Mbwa aliyezoea kuitwa na kupewa, mtoto wa miaka kumi anamleta kwa kamba hadi kwenye meza ya daktari wa mifugo. Kwa hiyo tunachoomba ni chanjo mtaani kwetu kabla ya mvua, na mtu wa kuwafundisha watoto kusoma mwili wa mbwa. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyohiyo. Hilo liandikwe ukutani shuleni, rangi haigharimu kama sumu.

Kikundi chetu kinakutana Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe nyuma ya uwanja wa mpira. Kwa sasa tuna watoto kumi na mmoja na mbwa wanne. Wazazi, njooni na mbwa wenu wakiwa na kamba shingoni, na ukoko mfukoni. Fimbo ziacheni nyumbani.