Ngagi wa Fizi alisomwa Ulaya, majibu yafike Kilembwe

Mu mwaka 1914, mjuzi mumoja wa nyama wa pori kule Berlin, Paul Matschie, aliandika jina jipya mu vitabu vya sayansi: Gorilla graueri. Jina lilitoka kwa Rudolf Grauer, mtu wa Austria aliyepita pande zetu akikusanya ngozi na mifupa. Mahali alipotoka ule ngagi paliandikwa vilevile: kilometa 80 kaskazini-magharibi ya Boko, kwenye kando ya magharibi ya ziwa Tanganyika. Mwenye anajua hii milima ataelewa mara moja. Njo huku kwetu, upande wa Itombwe, mu inchi ya Wabembe.

Tunakumbusha hii habari kwa sababu mifupa ya zamani sasa imeanza kusema. Mwishoni mwa mwaka 2018, wajuzi wa chuo kikuu cha Uppsala, mu Sweden, pamoja na wenzao, walitangaza kazi waliyoifanya juu ya ngagi wa mashariki ya Kongo. Walichukua mifupa na meno yaliyolala mu makumbusho ya Ulaya, mengine karibu miaka mia moja, wakasoma ADN yake, kiisha wakailinganisha na ADN ya ngagi wanaoishi leo. Majibu yake yanatuhusu sisi kabla ya kuhusu watu wa Ulaya. Lakini uliza mu Kilembwe, mu Lulimba, hata mu Baraka: nani aliyeyasikia?

Tueleze kwanza ADN ni nini, maana hii neno tunaisikiaka tu mu mambo ya baba mwenye kukataa mtoto. ADN ni kama kitabu kilichoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili. Kitabu chenyewe kiko na herufi 4 tu, lakini zinarudiliwa mara karibu miliari 3. Mzazi anampa mtoto nusu, mzazi wa pili nusu. Wakati wa kunakili, makosa madogo yanaingia, na hayo makosa yanarithiwa. Kwa hiyo ukilinganisha vitabu viwili, unaweza kujua kama wenyewe ni ndugu wa karibu ao wa mbali.

Sisi wa Fizi hii kazi tunaifahamu kwa njia ingine. Mubembe akimusikia Mulega anasema, anashika maneno mengi hata kama hajafundishwa Kilega. Hakuna haja ya kumwambia kwamba hizi luga mbili zilitoka shina moja. Maneno yenyewe ni ushuhuda. ADN inafanya vilevile kwa viumbe. Kitabu cha sokomutu kilisomwa mu 2005, cha ngagi mu 2012. Wajuzi waliona kwamba herufi za mtu na za sokomutu, pale zinapolingana, zinatofautiana kidogo kupita 1 kwa mia. Kwa mtu na ngagi, karibu 2 kwa mia. Tena kuna kitu cha kushangaza: karibu sehemu 30 kwa mia za kitabu cha ngagi ziko karibu zaidi na za mtu, ao na za sokomutu, kupita vile mtu na sokomutu wanakaribiana wao wawili. Ni sawa na kukuta neno la Kibembe linalofanana na la luga ya mbali kuliko na la Kilega. Haliharibu ujamaa. Linaonyesha tu kwamba kuachana kulichukua wakati murefu.

Hapa tunajua watu fulani watafunga gazeti. Watasema: tena wanataka kutuambia babu yetu alikuwa nyani. Hapana. Hakuna mjuzi mwenye anasema kwamba mtu alizaliwa na ngagi ya leo, sawa vile hakuna mwenye anasema Kibembe kilizaliwa na Kilega. Wanachosema ni kwamba kulikuwa shina la zamani sana, miaka miliyoni mingi, na matawi yaliachana. Jinsi ya kupatanisha hayo na Biblia, kila muumini na pasta wake watazungumuza. Gazeti halitakata hiyo kesi. Lakini tunaomba hayo mabishano yasitufichie sehemu ya majibu inayohusu milima yetu moja kwa moja.

Ni hii. Mu miaka mia moja, sawa vizazi 4 ao 5 vya ngagi, ngagi wa Grauer walipoteza sehemu kubwa ya utajiri wa ADN yao. Wenzao wa Virunga hawakupoteza sana mu ule wakati. Na kazi ingine ya hao wajuzi, ya mwaka uleule 2018, ilionyesha sababu moja: makundi yaliyoishi pembeni pembeni yalikufa yote, yakaenda na ADN yao. Sasa, pembeni ni wapi? Pembeni ya kusini ni huku. Tangu mu 1960, wajuzi Emlen na Schaller walipoandika makao ya ngagi, walihesabu eneo la Mwenga na Fizi peke yake. Sisi njo mpaka wa mwisho. Kundi likiisha huku, hakuna lingine nyuma yetu la kulijaza.

Kwa nini huo utajiri ni wa maana? Mulimaji anajua. Ugonjwa wa muhogo ukiingia mu shamba lenye mbegu moja tu, shamba nzima linakauka. Shamba la mbegu mbalimbali, kuna miti inayobaki, na mwaka unaofuata unapata mbegu. Ngagi wenye ADN moja ni shamba la mbegu moja.

Hesabu nayo inajulikana. Mbele ya vita vya 1996, walifikiri ngagi wa Grauer walikuwa karibu 16.900. Mu 2016, walitangaza 3.800 tu. Mu 2021, kiisha kufika mahali ambapo mbele hapakuingilika, wakasema 6.800. Hawakuzaliwa ghafla, walihesabiwa vizuri zaidi. Hakuna mahali pengine duniani wanaishi mu pori, ni mashariki ya Kongo tu. Na sababu za kupungua tunazijua bila laboratwari: bunduki zilizotapakaa, machimbo ya zahabu ndani ya mwitu ambako mutu anakula chenye anapata, na njaa.

Basi, majibu iko. Yaliandikwa kwa Kingereza, mu magazeti ya wajuzi. Mwalimu wa biologia wa Kilembwe, mwenye anafundisha kwa ubao na kitabu kimoja, hana njia ya kuyapata. Chifu anayeombwa maoni juu ya mipaka ya hifadhi hajayasoma. Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mu 2006 kwa karatasi ya waziri, wakati watu wa vijiji walikuwa bado hawajaulizwa. Ilichukua miaka kumi ya mikutano mbele mipaka ikubaliwe. Je, ni nani alipata hasara kwa ule ugomvi? Watu na ngagi, wote wawili.

Sheria haiko mbali. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, juu ya ulinzi wa viumbe, inagusa pia wale wanaokuja kuchukua mali ya jeni mu inchi yetu, na haki ya wanainchi kupata sehemu ya faida. Mapatano ya Nagoya ya 2010, ambayo Kongo imeingia ndani, yanasema vilevile. Na mu Februari 2025, kule Roma, ulifunguliwa mfuko unaoitwa wa Cali: makampuni makubwa yanayopata faida kwa habari za jeni yanaombwa kutoa kitu, na angalau nusu imepangiwa watu wa asili na jamii za mahali. Kutoa si lazima, na makampuni mengi yatangoja kuona wengine. Lakini mulango uko wazi. Sheria ya 2022 juu ya Batwa inawapa nao nguvu ya kuulizwa mbele, na wao njo wanaojua ule mwitu kupita mujuzi yeyote.

Tena tuangalie ngambo ya ziwa. Mu Gombe, karibu na Kigoma, Jane Goodall alianza kufuata sokomutu mu Julai 1960. Mu Mei 1975, waasi wa PRP wa Laurent-Désiré Kabila walitoka huku kwetu, wakavuka ziwa, wakateka wanafunzi 4 wa kigeni. Waliachiliwa baadaye, lakini wageni waliondoka Gombe. Kazi haikusimama. Watanzania wa vijiji vya karibu, waliokuwa wamefundishwa, waliendelea kufuata wanyama na kuandika kila siku. Kiisha miaka, mavi ya wale sokomutu yalipopimwa ADN, baba wa watoto wakajulikana, na hiyo ilikuwa na maana kwa sababu daftari za Watanzania zilionyesha nani alizaliwa lini na mama gani.

Njo funzo tunalotaka Fizi ishike. Vita ikija, mgeni anapanda ndege. Kazi inayobaki ni ile mwenyeji anaijua. Na kazi ya ADN ya leo haiombi kuua nyama: inatosha mavi ya kiota cha usiku, yaliyookotwa vizuri na mtu mwenye anajua kusoma njia ya ngagi. Huyo mtu yuko Lulenge, yuko Itombwe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila mujuzi mwenye kuchukua kitu mu mwitu wa Fizi aache karatasi ya majibu mu Kiswahili na Kibembe, kwa ofisi ya sekta, kwa shule na kwa zone ya afya ya Kimbi-Lulenge. Zone ya afya hatuitaji bure: kwa sababu miili yetu inafanana, kikohozi chetu kinaua ngagi, na nyama iliyookotwa imekufa mu pori inaweza kuleta Ebola nyumbani. Pili, vijana wa Fizi wafundishwe hii kazi hapa mu Kivu. Lwiro iko na kituo cha sayansi tangu 1947, na tangu 2002 inapokea sokomutu yatima walionyanganywa wawindaji. Kinachokosa ni mashini na bourse. Tatu, wabunge wetu waulize serkali, mu barua na si mu mikutano ya kampeni, ni nani atasimamia sehemu ya Fizi pesa ya Cali ikifika Kinshasa.

Na sisi wenyewe? Hatuwezi kudai faida ya ngagi huku mtoto wake anauzwa barabarani na mama yake analiwa mu machimbo. Machifu waseme wazi, makanisa yaseme wazi, wakubwa wa machimbo waweke sheria kwa watu wao. Mu 1914 tulikuwa hatuna hata daftari. Leo tuko na shule, redio, simu na sheria. Kama kundi la mwisho la kusini likiisha mu miaka yetu, watoto hawatamuuliza Grauer.