Tuiulize oili kabla ya kuimwaga

Katika gereji nyingi zilizo kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, oili ya lori humwagwa kwa sababu moja tu: siku yake imefika. Siku hiyo iliwekwa na nani, na kwa ushahidi gani, ni maswali yasiyoulizwa sana. Makanika aliambiwa na mkubwa wake kwamba ni kila kilomita 5,000 au 10,000, na mkubwa huyo naye aliambiwa vivyo hivyo. Kanuni ikarithiwa kama tambiko. Nikiwa mwalimu wa sayansi hapa Gilgil, naamini wakati umewadia wa kuivua kalenda cheo cha hakimu pekee, na kuiuliza oili yenyewe imefikia wapi.

Kuiuliza oili si uganga. Oili izungukapo ndani ya injini hubeba chembe za kila kisagikacho humo. Sampuli ndogo ipelekwapo maabara, huchomwa kwa joto kali mno hata kila elementi ikatoa mwanga wa rangi yake, na mtambo ukausoma mwanga huo na kukadiria kiasi kilichomo. Makampuni ya reli ya Marekani yalianza kuitumia njia hii katika miaka ya 1940, wakati injini za dizeli zilipokuwa zikichukua mahali pa zile za mvuke. Chuma kikizidi, huenda silinda zinalika. Risasi na shaba huelekeza macho kwenye beringi, na aluminiamu kwenye pistoni. Sodiamu ikipanda ghafla, yamkini maji ya radieta yameanza kuvujia ndani. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya injini huonekana kwanza katika oili.

Kwetu Gilgil, elementi inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni silikoni. Wanafunzi wetu wanaijua ile ardhi nyeupe ichimbwayo Kariandusi. Ni diatomaiti, yaani magamba ya viumbe wadogo wa majini wa zama za kale, na magamba hayo ni silika. Mchanga na vumbi la Bonde la Ufa nalo lina silika tele. Filta ya hewa ikitoboka, vumbi hilo huingia katika injini na kuisaga kama msasa. Maabara ikiona silikoni na chuma vikipanda pamoja, jawabu si kumwaga oili mapema zaidi. Jawabu ni kuitazama filta na mipira yake. Mwenye lori asiyejua hilo aweza kununua oili mpya kila mwezi na injini ikaendelea kufa mikononi mwake.

Wapo watakaosema kwamba fundi mzoefu haitaji maabara, kwani huisugua oili baina ya vidole, akaitazama rangi, akajua. Uzoefu ni hazina, lakini rangi ni shahidi mwongo. Oili ya dizeli hubadilika kuwa nyeusi muda mfupi baada ya kutiwa, kwa kuwa kazi yake mojawapo ni kuushika masizi usigande kwenye vyuma. Weusi huo mara nyingi ni ushahidi kwamba oili inafanya kazi. Kwa upande mwingine, oili iliyochanganyika na dizeli au iliyopungukiwa na dawa zake yaweza kuonekana njema machoni. Oili iliyoandikwa 15W-40 inapokuwa mpya sharti mnato wake, katika joto la nyuzi 100, uwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki. Hakuna kidole kiwezacho kupima hayo.

Hata kilomita zenyewe haziaminiki peke yake. Lori likingoja foleni kwenye mizani ya Gilgil au kwenye mpaka wa Malaba huku injini inanguruma, saa za kazi zinaongezeka ilhali kilomita hazisogei. Lori jingine lililobeba mzigo mwepesi katika tambarare laweza kwenda mbali zaidi na oili yake ikabaki na nguvu. Huko Ulaya, malori ya safari ndefu yenye injini za kisasa na oili ya hali ya juu hufikia kilomita 100,000 kabla ya kubadilishiwa. Sisemi tuige idadi hiyo, kwa maana barabara zetu, vumbi letu na umri wa malori yetu ni vingine. Nasema idadi yetu nayo itokane na hali yetu, wala isiwe ya kubahatisha.

Hali hiyo nayo imebadilika. Salfa iliyo katika dizeli ikiungua huzaa asidi, na oili hutiwa alkali ya kuizima. Kenya ilikuwa ikiruhusu salfa hadi sehemu 500 kwa milioni katika dizeli. Tangu Januari 2015, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliafikiana kushuka hadi sehemu 50. Sababu moja kubwa ya kumwaga oili mapema imepungua, lakini katika gereji nyingi kanuni imebaki ile ile. Maabara hupima alkali iliyosalia, na hesabu ya kawaida ni kwamba ikishuka hadi nusu ya ilivyokuwa, oili hiyo inakaribia mwisho wake.

Kipimo kimoja, hata hivyo, hakitoshi. Tuseme lori limeonyesha chuma sehemu 30 kwa milioni baada ya kilomita 10,000, na safari nyingine sehemu 60 baada ya kilomita 20,000. Mwanafunzi mwenye pupa atasema hali imeharibika maradufu. Mwenye kufikiri atagawanya, aone kwamba kila kilomita 1,000 zilizaa sehemu 3 mara zote mbili. Lakini sehemu 60 zikipatikana baada ya kilomita 10,000 tu, hapo pana hatari. Hesabu hii ni ya darasani, na ina thamani ya injini nzima.

Nakiri kwamba njia hii haimfai kila mtu. Matatu yenye lita chache za oili huenda isilipe gharama ya kipimo. Lori refu libebalo zaidi ya lita 30 ni jambo jingine. Tena, gari lililo chini ya dhamana ya mtengenezaji lisizidishiwe muda bila idhini yake.

Yapo pia mambo mawili yasiyo ya fedha. La kwanza ni haki. Injini ikifa njiani, wa kwanza kunyooshewa kidole ni dereva, na wa pili ni utingo wake. Karatasi ya maabara yaweza kuonyesha kwamba vumbi liliingia kwa filta ambayo mwenye lori alikataa kuinunua, na mtu akanusurika kufutwa kazi kwa kosa lisilo lake. La pili ni maji yetu. Mto Gilgil huishia Ziwa Naivasha, na Mto Kariandusi huishia Elementaita, ziwa lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 pamoja na Nakuru na Bogoria. Kila lita tunayoimwaga kabla ya wakati ni lita inayotafuta pa kwenda, na mara nyingi mahali hapo ni mtaro.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu walimu, hasa wa vyuo vya ufundi, wawafundishe vijana kutwaa sampuli ipasavyo: injini ikiwa moto, oili ikiwa katikati ya kutiririka, chupa ikiwa safi na kavu, na kilomita za gari pamoja na za oili zikiwa zimeandikwa. Wamiliki wa malori kadhaa nao wajiunge, wapeleke sampuli zao pamoja. Mwanafunzi atokaye darasani akijua kilomita 5,000 kwa kukariri amepewa namba. Yule ajuaye kuiuliza oili na kulisoma jibu lake amepewa kazi ya mikono na akili, na hata malori yatakapobadilika, elimu yake haitachakaa.