Aliyekosa Si Mwanafunzi

Nimestaafu ukuu wa chuo cha ualimu, na programu ya kompyuta sijaandika hata moja. Lakini habari ya kumchagulia mwanafunzi chombo cha kazi naijua, nami sitanyamaza.

Mjukuu wangu na wenzake walikuwa wakitengeneza programu ya kuuzia mazao. Waliigawa katika huduma tano ndogondogo, kila moja ndani ya kontena lake. Mkufunzi wao akaagiza kila mmoja aweke Minikube, yaani Kubernetes iliyopunguzwa ikae katika kompyuta moja, kwa kuwa eti kampuni kubwa hutumia Kubernetes. Minikube huomba gigabaiti 2 za memori iliyo wazi na gigabaiti 20 za diski, kabla huduma zako hazijaanza. Kompyuta ya kijana ina memori ya gigabaiti 4 tu. Ikanguruma, ikaganda. Wiki ya tatu akaniambia, "Babu, nadhani sina akili ya kazi hii."

Hapo nilikasirika. Akili anayo, alichokosa ni mwalimu.

Chuoni hatukumtupa mwanachuo mgeni mbele ya watoto themanini. Alianza kwa kuwafundisha wenzake, somo moja, dakika kumi, ili kosa lionekane mapema na lisahihishwe papo hapo. Kuijaribu programu kwenye kompyuta yako kabla ya kuwapa watu ni mazoezi yale yale. Chombo chema ni kile kinachofupisha safari kati ya kosa na sahihisho.

Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014, iliundwa kusimamia makontena katika mashine nyingi. Kijana ana mashine moja! Docker Compose ingemtosha: faili moja huorodhesha huduma zote, na amri moja huziamsha, zote au zile tu anazozitaka.

Watanijibu kwamba kinachokwenda vizuri ndani ya Compose huweza kukwama ndani ya Kubernetes. Ni kweli, maana mipangilio yake ni tofauti. Basi kikundi kiwe na mahali pamoja pa kufanyia jaribio la mwisho. Mwenye kompyuta yenye nguvu na atumie Tilt au Skaffold, ambazo hutazama mafaili na kupeleka mabadiliko zenyewe. Telepresence nayo huiunganisha kompyuta yako na huduma zilizo mbali. Lakini hiyo hutaka mtandao muda wote, na bando hununuliwa.

Mjukuu wangu alihamia Compose. Huamsha huduma mbili na hifadhidata, nyingine zikalala. Hajasema tena kwamba hana akili.

Enyi wakufunzi, kabla ya kutaja chombo, tazameni kwanza mwanafunzi ana nini mezani. Wangapi wameondoka wakijiona wajinga, kumbe mjinga alikuwa mpangaji wa somo?